Mtoto wako amekonda, au anakua tu?



Ndugu msomaji, kina mama wengi huja kliniki na lalamiko moja: "Daktari, huyu alipokuwa na mwaka alikuwa bonge. Sasa ana miaka mitano, mbavu zinahesabika. Nipe dawa ya hamu ya kula." Wengine huanza kumjaza mtoto soda na biskuti. Tusifanye haraka.

Kipimo cha BMI hupatikana kwa kugawa kilo za mtoto kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtoto wa miaka 5 mwenye kilo 18 na urefu wa mita 1.10 anapata 14.9. Kwa mtu mzima, chini ya 18.5 ni kukonda. Kwa mtoto huyu ni kawaida! Sababu ni kuwa kipimo hiki hubadilika na umri. Mtoto wa katikati huwa na karibu 17 akitimiza mwaka, hushuka hadi kama 15 akiwa na miaka 5 au 6, kisha hupanda tena.

Tumejuaje? Kati ya 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilipima watoto wadogo wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, walionyonyeshwa vizuri na ambao mama zao hawavuti sigara. Kwa kila umri wataalamu wa takwimu walitafuta mambo matatu: kipimo cha mtoto wa katikati, jinsi wengine wanavyotawanyika kumzunguka, na upande uliovutika zaidi, maana wanene huenda mbali kuliko wembamba. Hapo ikachorwa mistari ya ukuaji iliyotolewa mwaka 2006.

Basi namba moja haitoshi, tazama mwelekeo. Mtoto mwembamba anayefuata mstari wake mara nyingi ni mzima. Anayeporomoka kutoka mstari mmoja hadi mwingine apelekwe hospitali. Anayeanza kupanda kabla ya miaka 5 naye aangaliwe: watafiti wa Ufaransa walieleza mwaka 1984 kuwa watoto hao huelekea zaidi kuwa wanene baadaye, na unene huleta kisukari na shinikizo la damu.

Kwa hiyo usiitupe kadi ya kliniki chanjo zikiisha. Mpime mtoto bila viatu, kwa mizani ileile ikiwezekana, na andika tarehe. Watoto ni amana, na amana hufuatiliwa.