Kijana mwenye usonji anapoitwa jukwaani, mchujo hupima nini?

Chukua mfano huu, msomaji. Kijana wa miaka 17 kutoka Nakalale, Turkana Kaskazini, amesafiri hadi Lodwar kushiriki mchujo wa vijana watakaofunzwa uigizaji. Maneno ya mchezo ameyahifadhi yote, yake na ya wenzake. Lakini ukumbini jenereta inanguruma, mabati yanachoma kwa joto na vijana wanapiga kelele wakisubiri zamu zao.

Anapoitwa, mwamuzi anamwambia: "Hebu tuambie, wewe ni nani?" Kijana anaangalia sakafu, akizungusha vidole. "Mimi ni mtu," anajibu, kisha ananyamaza. Waamuzi wanatazamana. "Asante. Anayefuata!"

Mfano huu ni wa kutunga, lakini mzazi au mwalimu aliyeishi na mtoto mwenye usonji ataitambua hali yenyewe. Kijana hakufanya utani wala hakukosa adabu. Aliulizwa swali, akalijibu jinsi lilivyoulizwa. Na hakuna aliyemwona akiigiza.

Usonji ni nini?

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo ambayo huanza mapema mno, na mtu huishi nayo maisha yake yote. Hauambukizi. Hauletwi na laana, uchawi wala malezi mabaya. Urithi wa kifamilia una mchango mkubwa.

Pia hauletwi na chanjo. Dai lililochapishwa mwaka 1998 katika jarida la Lancet, lililohusisha usonji na chanjo ya surua, lilichunguzwa na kuonekana halina msingi. Jarida hilo liliifuta makala hiyo mwaka 2010.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 ulimwenguni alikuwa na usonji. Watu hao hawafanani. Wapo wasiozungumza kabisa, na wapo wasemaji hodari. Hata hivyo, mambo matatu huonekana kwa wengi wao: mazungumzo ya ghafla huwatatiza, sauti, mwanga au mguso huweza kuwalemea, na mabadiliko yasiyotangazwa huwafadhaisha.

Kwa nini mchujo huwaangusha

Ukiyatazama mambo hayo matatu, utaona kwamba mchujo wa kawaida umeyakusanya yote mahali pamoja. Kuna kelele, kuna nyuso ngeni, kuna kusubiri bila kujua zamu itafika lini, na kuna amri ya kuigiza papo kwa papo jambo ambalo kijana hakuambiwa mapema.

Fauka ya hayo, waamuzi wengi huanza kutoa alama kabla mchezo haujaanza. Humtazama kijana anavyoingia, anavyosalimia na kama anawaangalia machoni.

Mwaka 2017 Noah Sasson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Dallas, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Watazamaji walionyeshwa picha za video za sekunde chache za watu wenye usonji na wasio nao. Waliwapa wenye usonji alama za chini. Lakini waliposoma tu maneno waliyosema watu hao, bila picha wala sauti, tofauti ilitoweka. Kumbe kasoro haikuwa katika walichosema.

Katika sehemu kama Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992 imekusanya watu wa mataifa na lugha nyingi, kuna tatizo jingine. Kijana akinyamaza, ni rahisi kudhani kuwa hajui Kiswahili, ana haya, au bado ana machungu ya vita. Usonji waweza kupita bila mtu kuutambua.

Jukwaani mambo hubadilika

Wengi hushangaa kusikia kwamba mtu anayetatizika kuzungumza na wageni anaweza kuwa mwigizaji. Lakini fikiria. Katika maisha ya kila siku hakuna anayekuambia mapema mwenzako atasema nini. Jukwaani maneno yameandikwa, mahali pa kusimama pameonyeshwa, na mazoezi hurudiwa mara nyingi. Kwa baadhi ya watu wenye usonji, mpangilio huo ni nafuu kubwa. Tena wapo walio na kumbukumbu kali ya maneno na sauti.

Nchini Marekani, Mickey Rowe, mwigizaji mwenye usonji, mwaka 2017 alipewa nafasi kuu katika mchezo wa The Curious Incident of the Dog in the Night-Time, katika kumbi za Indianapolis na Syracuse. Kabla yake, nafasi hiyo ya kijana anayeonyesha dalili za usonji ilikuwa imezoeleka kuchezwa na waigizaji wasio na hali hiyo.

Hii haina maana kwamba kila mwenye usonji ana kipaji cha uigizaji, wala kwamba mchezo wa kuigiza ni dawa. Usonji hauna dawa ya kuuondoa.

Waandaaji wafanye nini?

Mengi yanayohitajika hayagharimu hata senti.

Watume maneno ya igizo siku kadhaa kabla, pamoja na maelezo kamili: mahali, saa, idadi ya waamuzi, na mambo yatakayofanywa kwa mfuatano. Wampe kijana saa yake maalumu badala ya kumpanga foleni tangu asubuhi. Wamruhusu auone ukumbi ukiwa mtupu. Jenereta iwekwe mbali, au mchujo ufanywe chini ya mti mahali tulivu.

Maswali yawe wazi. Badala ya "tuambie wewe ni nani", aulizwe jina lake, anakotoka, na igizo alilowahi kushiriki. Akichelewa kujibu, asubiriwe. Alama zitolewe kwa uigizaji, si kwa kutazama machoni. Na bora zaidi, aalikwe katika mazoezi ya siku mbili tatu na wenzake, kwani dakika tano hazitoshi kumjua.

Akizidiwa, akaziba masikio au akalia, asikemewe wala kushikwa kwa nguvu. Apelekwe kivulini penye utulivu, apewe maji, watu wapungue. Akitulia, aulizwe kama angependa kuendelea.

Kijana na mzazi

Kijana afanye mazoezi mbele ya watu wawili au watatu asiowazoea. Abebe maji, chakula alichokizoea, na vizibo vya masikio akivihitaji. Kueleza kwamba ana usonji ni hiari yake. Anaweza kusema tu: "Nahitaji maagizo yaliyoandikwa." Baada ya mchujo apumzike, kwani kujibana siku nzima ili afanane na wengine humchosha mno.

Mzazi anayeshuku kwamba mtoto wake ana usonji aanzie hospitali, kama vile Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko Lodwar, au kituo cha serikali cha kupima mahitaji ya masomo ya watoto, maarufu kama EARC.

Sheria nayo iko upande wake. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Bunge liliiongezea nguvu kwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003.

Huenda kijana wetu wa Nakalale angefaulu, huenda angeshindwa. Nafasi ni chache na washindani ni wengi. Lakini akishindwa, na iwe ni kwa sababu wamemwona akiigiza.