Mashahidi walio chini ya mawe

MSOMAJI, ukivuka daraja la Mto Nairobi leo, simama kidogo utazame chini. Maji meusi, chupa za plastiki, povu la sabuni. Je, umewahi kujiuliza ni nani anayeishi humo?

Mto huu huanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu. Hupita katikati ya jiji hadi Gikomba na Korogocho, kisha huungana na Mto Athi, unaoingia Bahari Hindi karibu na Malindi ukiitwa Sabaki. Uchafu wetu, basi, husafiri mbali.

Katika kijito safi, ukiinua jiwe utakuta kaa, mabuu ya kereng'ende, wadudu wachanga wenye mikia mitatu kama nyuzi, na wengine wanaojijengea vijumba vya mchanga. Hawa hutegemea oksijeni iliyo majini. Maji ya choo yanapoingia, bakteria huyashambulia na kuimaliza oksijeni hiyo. Wanaobaki ni minyoo, ruba na vibuu vyekundu. Wekundu huo ni hemoglobini, kama iliyo katika damu yako, inayowasaidia kunasa oksijeni kidogo iliyosalia.

Kulima hadi ukingoni nako huua. Mvua huosha udongo ukaziba nafasi kati ya mawe, nyumba za viumbe hao.

Kwa nini ujali? Wadudu hao ni chakula cha samaki na ndege. Zaidi ya hayo, ni mashahidi. Mtu akimwaga sumu usiku, kufikia asubuhi maji yamekwenda zake na anayeyapima huenda asione kitu. Lakini wadudu waliokaa hapo miezi mingi wakitoweka ghafla, jambo limetendeka. Afrika Kusini kuna kipimo rahisi kiitwacho miniSASS, kinachotumiwa hata na wanafunzi: kila kundi la wadudu hupewa alama, minyoo 2 tu.

Hata hivyo, kumwona kaa si ruhusa ya kunywa maji. Viini vya maradhi havionekani kwa macho. Na sukumawiki iliyonyweshwa maji taka yaweza kufika mezani pako.

Kanuni za 2006 zilikataza kulima au kujenga katika angalau mita 6 kutoka ukingoni. Mzazi, anzia nyumbani: usimwage oili wala rangi mtaroni. Nawe mwanafunzi, ukipata kijito safi, inua jiwe, tazama, kisha ulirudishe taratibu. Hapo ni kwa mtu.