MASOMO YA BURE YAPO, DARASA NI JUU YETU

Ndugu msomaji, huenda wewe ni karani, fundi mitambo, dereva au muuguzi hapa mjini, na nyumbani kijijini umewaacha mama mdogo, kaka na shemeji. Kila upatapo mshahara hukosi kuwakumbuka kwa fedha kidogo ya sukari, sabuni au ada ya mtoto. Leo tunakuomba ufikirie kitu kingine cha kuwapelekea, nacho ni somo. Somo halichukui nafasi katika mzigo, halivunjiki njiani, na hata likigawanywa kwa watu kumi halipungui.

Siku hizi katika intaneti yamo masomo mengi ya Kiingereza na ya stadi za maisha yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu wazima, na mengi hutolewa bila malipo. Hata hivyo, kisima chaweza kujaa maji, lakini bila ndoo na kamba mwenye kiu ataondoka na kiu yake. Makala haya yanakueleza maji yaliyomo kisimani, kisha yanakueleza habari ya ndoo.

MFANO WA NAMSWEA

Tuchukue mfano wa kata ya Namswea, wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma. Hiyo ni nchi ya milima, nchi ya Wamatengo, mabingwa wa kilimo cha ngoro: yale mashimo yapangwayo mteremkoni ili maji ya mvua yasichukue udongo. Kahawa ya arabika imekuwa zao la biashara la Mbinga tangu miaka ya 1920, na mahindi na maharage ndiyo chakula. Upande wa magharibi milima huteremka hadi Ziwa Nyasa, na ng'ambo ya ziwa ipo Malawi, ambako shughuli za serikali huandikwa kwa Kiingereza.

Watu wanaoweza kulima mteremko mkali kwa vizazi vingi bila kupoteza udongo wao hawawezi kuitwa wajinga. Elimu wanayo. Lakini maisha ya leo yamewaletea maandishi ambayo mababu zao hawakuyaona.

Kwanza, bei ya arabika duniani hutajwa katika soko la New York, kwa senti za Marekani kwa kila ratili. Mkulima akisikia kwamba bei ni senti 200, anapaswa kujua kwamba kilo moja ni ratili 2.2, hivyo kilo ina thamani ya senti 440, yaani dola 4 na senti 40. Akishajua hilo, ndipo atakapoweza kuuliza katika mkutano wa chama cha msingi ni kiasi gani kinakwenda kwenye ukoboaji, usafirishaji na ushuru, na ni kiasi gani kinamfikia yeye.

Pili, zipo chupa za dawa za mimea na maboksi ya dawa za binadamu ambazo maelezo yake ni ya Kiingereza. Kipimo kikikosewa, huharibika shamba, au afya ya mtoto.

Tatu, ipo simu. Nani kati yetu hajapata ule ujumbe wa kusema, "Ile hela itume kwenye namba hii"? Wapo waliotuma. Tena ipo mikopo inayoitwa "kausha damu". Mama akikopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi, akawa analipa riba tu kwa miezi 6, atakuwa ametoa shilingi 120,000 na deni la mwanzo bado liko pale pale. Hesabu hiyo ni fupi, lakini asiyefundishwa huijua akiwa amekwisha kuuza mbuzi.

Hizo ndizo stadi za maisha. Shirika la Afya Duniani lilipoziorodhesha katika miaka ya 1990 lilitaja stadi 10, miongoni mwake kufanya uamuzi, kutatua matatizo, kufikiri kwa kupima mambo, kuelewana na watu na kuhimili hasira na mashaka. Kiingereza ni chombo kimoja tu kati ya vyombo vya mtu mzima.

Wala asitokee wa kusema kwamba kujifunza Kiingereza ni kukidharau Kiswahili. Mwalimu Nyerere alikijua Kiingereza vizuri mno, naye akautumia ujuzi huo kutufasiria tamthilia mbili za Shakespeare, "Juliasi Kaizari" na "Mabepari wa Venisi". Lugha ya kigeni aliifanya mtumishi wa lugha yetu.

YALIYOMO KISIMANI

Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza kufundisha Kiingereza kwa redio mwaka 1943. Leo masomo hayo yamo katika tovuti ya BBC Learning English. Kipindi kimoja, "6 Minute English", huchukua dakika sita tu, na maneno yake yote yameandikwa ili msikilizaji afuatishe kwa macho. British Council nayo ina tovuti ya LearnEnglish, yenye mazoezi yaliyopangwa kwa ngazi, kuanzia kwa anayeanza kabisa.

Huko California, Marekani, ofisi ya elimu ya Sacramento ilianzisha mwaka 2008 tovuti ya USA Learns kwa ajili ya wahamiaji watu wazima. Humo Kiingereza hufundishwa pamoja na mambo ya kazi, afya na matumizi ya fedha. Mifano yake ni ya Marekani, hivyo kiongozi wa darasa hana budi kuigeuza: palipo na basi la mjini yeye aweke gari la kwenda Songea, na palipo na dola aweke shilingi.

Hapa kwetu, Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada vya shule za msingi na sekondari katika maktaba yake ya mtandaoni, na husomwa bure. Mtu mzima asione haya kuanza na kitabu cha Kiingereza cha darasa la tatu. Shule Direct, iliyoanzishwa na Watanzania mwaka 2013, ina masomo ya sekondari. Na kwa atakayeongoza kikundi, mpango wa TESSA, ulioanzishwa mwaka 2005 kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Afrika na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, unayo maandiko ya Kiswahili ya kuwasaidia walimu, na sehemu yake moja ni ya stadi za maisha. Maandiko hayo yanaruhusiwa kunakiliwa na kubadilishwa yalingane na mahali.

TUJIFUNZE KWA MWAKA 1973

Sasa tuje kwenye ndoo. Mtu akibaki peke yake na simu, husoma siku tatu, siku ya nne akachoka, na ya tano simu ikawa ya muziki. Si uvivu. Mtu mzima hujifunza vizuri zaidi akiwa na wenzake wanaomngoja.

Nchi yetu iliyajua hayo zamani. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kipimo cha mwaka 1975 kilionyesha kwamba idadi hiyo imeshuka hadi asilimia 39. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya "Mtu ni Afya", iliyochukua majuma 12. Watu wapatao milioni 2 walishiriki.

Siri ya kampeni ile haikuwa redio peke yake. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakainuka kwenda kufanya kazi: kuchimba vyoo, kufyeka nyasi karibu na nyumba, kufukia madimbwi ya mbu. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa, na viongozi hao walizidi 70,000. Redio ilileta sauti. Kikundi na jembe vilileta mabadiliko. Intaneti leo imeshika nafasi ya redio, lakini kikundi na jembe haiwezi kutuletea. Hivyo ni juu yetu.

DARASA LA JIONI

Mpango wenyewe hauhitaji makuu. Wapatikane watu 8 hadi 15, na kiongozi mmoja: mwalimu mstaafu, au kijana aliyemaliza kidato cha nne na mwenye adabu. Kijana huyo asiwaite wazee wanafunzi wake, awaambie, "Shikamooni, leo tusome pamoja." Mzee akifedheheshwa mbele ya wakwe zake harudi tena.

Saa ya darasa wachague wanawake, kwani wao ndio wenye kazi nyingi zaidi jioni. Msimu wa kuchuma kahawa darasa lipunguzwe badala ya kufa. Jioni mbili kwa juma, kila moja saa moja na nusu, kwa majuma 12, zinatosha kwa awamu ya kwanza.

Kila jioni isikilizwe sauti fupi mara tatu: mara ya kwanza kusikia tu, mara ya pili kukamata maneno matano, mara ya tatu kurudia kwa sauti. Kisha kiletwe kitu halisi: boksi la dawa, risiti ya kahawa, ujumbe wa simu, fomu ya mkopo. Maneno yaliyosomwa yatafutwe humo. Mwisho, kila mmoja aondoke na kazi ya kutenda kabla ya kukutana tena, kama vile kuandika mapato na matumizi ya juma moja.

Hapo ndipo wewe wa mjini unapohitajika, ndugu msomaji. Bando la intaneti ni ghali kwa mkulima, na milimani mtandao una mahali pake. Lakini sauti na vitabu vingi vyaweza kushushwa mara moja mjini, vikawekwa kwenye memori kadi ndogo kama ukucha, na kadi ikampa abiria wa basi la Mbinga. Ikifika, simu moja na spika ndogo zinatosha darasa zima, na yaliyomo yaweza kupitishwa simu kwa simu bila bando.

TAHADHARI MBILI

Ya kwanza: bure ya kweli haiombi namba ya siri, wala "ada ndogo ya usajili" kwa simu. Tovuti ikidai hivyo, ifungeni. Kiongozi aigeuze tahadhari hiyo iwe somo la jioni ya kwanza.

Ya pili: kinachotolewa bure na mwingine chaweza kukoma kwa uamuzi wa mwingine. Sauti ya Amerika ilianza mwaka 1959 kutangaza Kiingereza rahisi cha maneno yapatayo 1,500, kilichosomwa polepole, na wanafunzi wengi duniani wakakipenda. Mwezi Machi 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha shughuli za redio hiyo, na masomo mapya yakakatika. Kwa hiyo yanayoruhusiwa kuhifadhiwa yahifadhiwe, na kikundi kiwe na daftari lake la maneno na mifano ya kwao, lililoandikwa kwa mikono yao wenyewe.

Jioni ya leo, basi, mpigie simu ndugu yako wa nyumbani. Baada ya salamu na habari za mvua, usimuulize kama anataka kusoma, maana atakujibu kwamba amezeeka. Muulize hivi: "Juma hili ni karatasi gani, au ujumbe gani, uliokushinda kuuelewa?" Liandike jibu lake. Hilo ndilo litakuwa somo la kwanza la darasa, na ndilo la kuanza kulitafuta.