Asidi Iliyofungwa Ndani ya Punje

Asidi ya salfuriki ni mchapakazi mwenye visa. Huharakisha mimenyuko mingi ya kikemia, lakini kazi ikiisha hubaki imechanganyika na bidhaa. Sharti makali yake yazimuliwe, bidhaa ioshwe, na maji yenye chumvi yatafutiwe pa kwenda. Muda wote huo inaendelea kula mabomba na matangi ya chuma.

Dawa yake ni kuifunga asidi mahali pamoja. Mwaka 1944, mwanakemia Gaetano D'Alelio wa kampuni ya General Electric, Marekani, alipata hataza ya polistaireni iliyopandikizwa vikundi vya asidi ya salfoni. Minyororo ya polima hiyo imeshikanishwa na divinilibenzini ili isiyeyuke, na kila kikundi kimeng'ang'ania mnyororo wake. Asidi ipo, inafanya kazi, lakini haiondoki na bidhaa.

Polima za namna hii huitwa resini. Za mwanzo zilifaa sana kulainisha maji magumu. Ndani ya maji zilivimba, na molekuli zikapata njia ya kupenya. Zikitiwa kwenye vimiminika vya mafuta, zilisinyaa, na sehemu kubwa ya asidi ikabaki imefungiwa ndani bila kazi.

Suluhisho likawa vitundu vya kudumu. Wakati polima inaundwa, huongezwa kimiminika kinachochanganyika na malighafi lakini kisichoivumilia polima yenyewe. Polima inapokua hujitenga nacho. Kikiondolewa baadaye, kinaacha mapengo. Punje inayopatikana, ambayo mara nyingi haifiki hata milimita moja, ina matundu kama dodoki hata ikiwa kavu. Gramu moja ya Amberlyst 15, resini maarufu ya aina hii, ina eneo la ndani la takriban mita 50 za mraba.

Kazi iliyoipa jina ni utengenezaji wa MTBE, kiungo cha kuongeza oktani kwenye petroli. Kiwanda cha kwanza cha kibiashara kilianza nchini Italia mwaka 1973. Methanoli na isobuteni hupitishwa katika mtungi uliojaa punje, kwenye joto la wastani lisilozidi sana nyuzi 90 za Selsiasi. Upande wa pili hutoka MTBE, na punje hubaki palepale zikisubiri mzigo mwingine. Baadaye MTBE iliyovuja kutoka matangi ya vituo vya mafuta ilichafua visima huko California, na jimbo hilo likaipiga marufuku kuanzia mwaka 2004. Kosa halikuwa la resini. Viwanda vingine huitumia hadi leo, kwa mfano kuunganisha fenoli na asetoni ili kupata bisfenoli A, malighafi ya plastiki ngumu.

Resini hizi zina maadui wawili. Wa kwanza ni joto: Amberlyst 15 ikipita nyuzi 120, vikundi vya salfoni huanza kung'oka na asidi hurudi kuchafua bidhaa. Wa pili ni uchafu. Ioni za sodiamu au chuma, pamoja na kemikali zenye nitrojeni ya kibezi, hushika nafasi za asidi na kuizima.

Kwa hiyo mhandisi mwenye malighafi safi na mmenyuko usiohitaji moto mkali ana kila sababu ya kuanza na resini. Anayehitaji nyuzi 200 atafute kichocheo kingine, kama zeolaiti.