Mutoto Anayechora: Kazi Iko ao Haiko?

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa mgodi, swali moja linarudi kila mwisho wa mwaka wa masomo. Mutoto anachora vizuri, mwalimu anamusifu, na yeye mwenyewe anataka kuingia Beaux-Arts. Baba anatikisa kichwa: « Rangi haipikake bukari. Jifunze umeme ao mekanika, utapata kazi ku kampuni. » Mama ananyamaza, juu ya yeye pia anaogopa.

Hatumulaumu baba. Ameona vijana wengi wenye diploma wanakaa ku mulango. Lakini anauliza swali moja, na sisi tunaona yako matatu: mutoto atafanya kazi gani hasa? Nani atamulipa? Na nini itabakia mfukoni akiisha kununua vifaa?

Tuanze na mwenye kulipa. Hapa Katanga jibu liko ndani ya historia yetu. Mwaka 1946 Mufaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua ateliye yake, Hangar, ku Lubumbashi, wakati ule Elisabethville. Ndani yake walitoka Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela, aliyepaka rangi kwa vidole. Mwaka 1951 Mubeleji Laurent Moonens akaanzisha masomo ya sanaa katika mji uleule. Picha za wakati ule zilinunuliwa zaidi na wazungu.

Miaka ya 1970 mambo yakageuka. Wachoraji wa kartye walianza kuuza kwa watu wao. Wazee wetu wanakumbuka picha ya mamba muntu na ile ya « Colonie belge » ku ukuta wa salon. Nani alizinunua? Wafanyakazi wenyewe, na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mmoja wa wachoraji wale, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia ya inchi yetu katika picha zaidi ya mia moja. Leo ziko ku makumbusho ya Amsterdam. Lakini mshahara wa mufanyakazi ulipopoteza nguvu, mununuzi wa picha akapotea pia. Na Tshibumba mwenyewe, tangu mwanzo wa miaka ya 1980 habari zake zilikatika.

Fundisho ni hili: mchoraji anayetegemea mteja wa aina moja anaanguka pamoja naye. Mwenye kuchora anahitaji milango mbili ao tatu.

Milango hiyo iko. Tembea barabara kubwa ya Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, uangalie. Kila duka, kila farmasi, kila kanisa lina kibao: mutu alikiandika. Kila harusi ina mialiko, kila kampuni ina kalenda na mabango ya usalama ku kazi: mutu alipanga maandishi na picha ku mashini. Nguo za sherehe, milango ya chuma yenye maua, meza na viti vya salon, vyote vinaanza na mchoro. Hizi ndizo kazi zinazolipa haraka. Picha ya kutundika ku ukuta inalipa polepole, na wakati mwingine hailipi.

Iko pia kazi ya shaba yenyewe. Fundi anakata bamba, anachora ku mgongo wake, analilaza juu ya kitu laini kama lami, kisha anapiga kidogo kidogo na nyundo mpaka sura inatokea upande wa mbele. Kila pigo linafanya shaba kuwa ngumu, akilazimisha, inapasuka. Basi analitia ku moto mpaka linakuwa jekundu, analitosha ndani ya maji, na linarudia ulaini wake. Baba aliyezoea shaba ku kazi anaweza kumufundisha mutoto wake hii bila kitabu.

Malakite ni vilevile: jiwe letu la kijani linageuka yai, mamba, mchezo wa shashi. Lakini angalisho: kulikata na kulisugua kunatosha vumbi. Ninyi munajua vumbi inafanya nini ku mapafu. Kazi ifanyike na maji, na kinywa kifunikwe.

Sasa mfuko. Tuseme kijana anaitwa kuandika kibao cha duka kwa dola 60. Bati na rangi ni 30, usafiri 5, musaidizi 10. Inabakia 15 kwa siku tatu. Kama hakuandika devi mbele, na kama hakuomba avansi ya vifaa, mteja akikawia kulipa, kijana amefanya kazi na pesa ya mama yake. Wengi hawashindwi juu ya mkono mubaya; wanashindwa juu ya hesabu.

Kwa masomo, Lubumbashi iko na Institut des Beaux-Arts ku sekondari. Kinshasa iko na Académie des Beaux-Arts, iliyoanzishwa mwaka 1943, ambako wanafundisha kuchora, kuchonga, ufinyanzi, kazi ya chuma, matangazo na kupanga ndani ya nyumba. Coupe et couture inafundishwa karibu kila mji.

Na baba anayesema « jifunze umeme » hajapotea kabisa. Jean Katambayi Mukendi wa Lubumbashi alijifunza umeme, na kutoka ujuzi ule anatengeneza mashini za katoni na nyaya zinazoonyeshwa inje ya inchi. Sammy Baloji alipiga picha za mitambo ya Gécamines iliyozeeka, akaziunganisha na picha za wazee wa zamani. Mwaka 2008 alikuwa kati ya waliozindua mikutano ya Picha ku Lubumbashi. Mgodi haukuwazuia. Ndio uliwapa mambo ya kusema.

Basi mbele ya kulipa masomo, mupeleke mutoto likizo moja kwa fundi wa vibao, wa shaba ao wa mashona. Mumupe daftari aandike kila franka inayoingia na inayotoka. Likizo ikiisha, baba na mama wafungue daftari lile pamoja naye, juu ya meza, mbele ya kusema ndiyo ao hapana.