Bei ya Damu kwa Wanuer

Kisasi ni wajibu kwa Wanuer wa Sudan Kusini. Mtu akiuawa, ndugu zake wa upande wa baba hudaiwa kumlipizia, na anayekaa kimya huonekana si mwanamume. Hata hivyo, wazee wa jamii hiyo ya wafugaji walijua kwamba kisasi kikiachiwa njia humaliza koo zote mbili. Wakakizungushia miiko, na mwiko wa kwanza ukamwangukia muuaji mwenyewe.

Kwa desturi hiyo, aliyeua hakula wala hakunywa hata tone la maji. Iliaminika kwamba damu ya marehemu imemwingia mwilini, na akinywa atakufa. Alikimbilia kwa mzee wa ardhi, avaaye ngozi ya chui mabegani. Mzee alimchanja mkono kuanzia begani kwa mkuki wa kuvulia samaki, damu ikachuruzika, kisha akachinja mnyama wa tambiko aliyeletwa na muuaji. Baada ya hapo ndipo mtu huyo alipokunywa maji.

Wafiwa nao walivizia nje na mikuki yao, lakini kumwaga damu ndani ya boma la mzee ulikuwa mwiko. Mzee huyo hakuwa na askari wala jela. Nguvu zake zilikuwa subira na laana. Alingoja matanga yaishe, akaenda kwanza kwa ukoo wa muuaji kujua wana ng'ombe wangapi, ndipo akaenda kwa wafiwa kuwaomba wapokee fidia. Hao walikataa, na heshima iliwataka wakatae. Akawabembeleza, wakakataa tena. Alipofikia kutishia kuwalaani, walikubali kupokea ng'ombe, wakisema ni kwa kumheshimu yeye. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, aliyeishi nao miaka ya 1930, aliandika kwamba diya, yaani fidia hiyo ya damu, ilikuwa ng'ombe 40 hadi 50, na ililipwa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa.

Ng'ombe hao walikuwa wa kumwolea marehemu mke. Ndugu yake aliishi na mwanamke huyo, lakini watoto waliitwa wa marehemu. Mtoto alikua akitajwa kwa jina la baba aliyezikwa kabla mama yake hajaolewa. Upande wa pili, vijana wa ukoo wa muuaji waliona mahari yao yakiswagwa kwenda kwa wengine. Hata diya ikiisha, watu wa koo hizo mbili waliogopa kula chombo kimoja. Hasira ya dakika moja ililipiwa na watu ambao hawakushika mkuki, wakiwamo ambao hawajazaliwa.

Bunduki ilivuruga hesabu hiyo. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Sudan, vya 1983 hadi 2005, makamanda wa waasi, Mnuer Riek Machar miongoni mwao, waliwaambia wapiganaji kwamba anayeua katika vita vya serikali hafungwi na miiko ya damu. Tena risasi ikifyatuliwa kwenye kundi, nani ajue ni yake iliyoua? Mwaka 1991 wapiganaji Wanuer walivamia mji wa Bor, wakaua raia wa jamii jirani ya Wadinka wapatao 2,000 au zaidi na kuswaga ng'ombe wao. Desemba 2013, vita vilipozuka Juba, Wanuer waliwindwa nyumba kwa nyumba na kuuawa kwa sababu ya kabila lao. Kisasi kikafuata Bor, Bentiu na Malakal, na wengi waliouawa huko hawakuwa wamemkosea yeyote. Maelfu walikimbilia Kakuma, Turkana nchini Kenya, kambi iliyopokea wakimbizi wa Sudan tangu 1992.

Wazee hawakukaa kimya. Wakati vita vile vya kwanza vikiendelea, Juni 1998, machifu wa Wanuer na Wadinka walikutana Lokichoggio, Kenya, kwa msaada wa Baraza la Makanisa. Mapema 1999 wakakusanyika Wunlit. Fahali mweupe alichinjwa, kisha kila upande ukaeleza mbele ya mwenzake nani aliuawa, nani alitekwa na ng'ombe gani waliporwa. Wakakubaliana kurudisha mateka na kufungua malisho, na uadui katika eneo hilo ukapungua.

Simsifu mwanamke kuozwa kwa jina la maiti, wala sidhani ng'ombe ni badala ya mtu. Lakini desturi ile ilimtaka muuaji ajulikane, atokwe damu, na ukoo wake ulipe. Mikataba ya amani ya 2015 na 2018 iliahidi mahakama mseto ya kuwashtaki waliohusika na mauaji. Kufikia 2024 ilikuwa bado haijaundwa. Aliyeua kwa mkuki hakunywa maji mpaka akiri. Wanaoamuru mauaji leo hutia saini mikataba na kurudi madarakani. Viongozi wa Sudan Kusini, na majirani wanaowapatanisha, waiunde mahakama hiyo. Damu isiyo na mdaiwa ndiyo inayozaa kisasi kingine.