Usukani Uliolegea katika Pikapu ya Chama: Kuutambua Ubovu na Kuutengeneza

Pikapu ya chama cha msingi ni mali ya wanachama wote. Msimu wa alizeti unapoanza, gari hilo hilo hupeleka magunia matupu vijijini, hurudi na mazao, humchukua mhasibu kwenda benki, na mara nyingine humkimbiza mgonjwa hospitalini usiku. Kwa sababu hiyo ubovu wa usukani si jambo la dereva peke yake. Linamhusu katibu, linaihusu Bodi, na linamhusu kila mwanachama ambaye ushuru wake ndio unaolipia matengenezo.

Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama iliyoanzishwa mwaka 2012 kwa kuigawa Wilaya ya Iramba, ni mfano wa mahali ambapo usukani huchoka upesi. Magari ya huko huzunguka Gumanga, Ibaga, Kinyangiri na vijiji vingine katika njia za udongo na changarawe. Wakati wa kiangazi njia hizo hufanya mawimbi madogo madogo ambayo madereva huyaita rasta, nayo hutikisa kila kiungo cha gari. Wakati wa masika matope huingia katika kila kiungo ambacho mpira wake umepasuka. Kisha gari hufika Iguguno na kuingia barabara kuu ya lami, iendayo Singida upande mmoja, na Misigiri, mteremko wa Sekenke, Shelui na Nzega upande wa pili. Gari lililovumilika kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa vijijini sasa linakwenda kasi zaidi ya mara mbili, kati ya mabasi na malori. Hapo ndipo ulegevu uliozoeleka unapogeuka kuwa hatari.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akipoteza nusu sekunde akizungusha usukani ambao haujayashika magurudumu, gari limekwisha kwenda zaidi ya mita 8 bila kuongozwa na mtu.

NJIA YA NGUVU KUTOKA MKONONI HADI BARABARANI

Katika pikapu nyingi za zamani zenye ekseli nzima ya mbele, kama vile Land Cruiser na baadhi ya Hilux, usukani huzungusha mhimili unaoshuka hadi kwenye boksi la stelingi lililofungwa kwenye chesisi. Ndani ya boksi mna skrubu nene inayozungukia juu ya goroli, nayo huusukuma mkono mfupi wa chuma ulio nje ya boksi. Mkono huo huivuta na kuisukuma fimbo inayokwenda kwenye gurudumu moja, na fimbo nyingine ndefu, yaani tairodi, huyaunganisha magurudumu mawili ya mbele ili yageuke pamoja. Penye kila mwisho wa fimbo pana kiungo cha mpira wa chuma uliokaa ndani ya kikombe. Gurudumu lenyewe hugeuka juu ya kingipini au beringi zake. Land Rover za zamani, kama 109, zina kiungo cha ziada kilichosimama ndani ya chesisi upande wa mbele, kinachofanya kazi ndani ya oili. Oili hiyo ikivuja, kiungo hicho nacho hulika.

Ni vema kuikumbuka njia hiyo, kwa maana ulegevu aghalabu haumo mahali pamoja. Milimita moja kwenye tairodi, nusu kwenye kingipini na kidogo kwenye boksi zikijumlishwa, usukani huzunguka sana kabla gari halijageuka.

KUPIMA KABLA YA KULAUMU

Kazi ya kwanza ni upepo wa matairi na nati za magurudumu. Tairi lenye upepo mdogo hulifanya gari liyumbe kana kwamba usukani umelegea. Mzigo nao utazamwe. Magunia ya alizeti ni mepesi lakini ni makubwa, na mara nyingi hupangwa hadi nyuma ya ekseli. Mzigo wa namna hiyo huinua pua ya gari, magurudumu ya mbele hukosa uzito wa kutosha, na usukani huwa mwepesi kupita kiasi. Gari likiyumba linapokuwa na mzigo tu, na likatulia linapokuwa tupu, upangaji wa magunia uangaliwe kabla ya kumwita fundi.

Baada ya hayo, gari lisimamishwe mahali tambarare, magurudumu ya mbele yakielekea mbele sawasawa. Lenye pawa stelingi liwashwe injini, lisilo nayo lizimwe. Dereva auzungushe usukani taratibu kwa kidole upande wa kushoto mpaka tairi linapoanza tu kutikisika, atie alama ya chaki kwenye ukingo wa usukani, kisha afanye hivyo upande wa kulia. Nafasi iliyo kati ya alama mbili ipimwe kwa rula. Vitabu vya matengenezo vya magari mengi ya namna hii huweka mpaka wa juu kati ya milimita 30 na 40. Kitabu cha gari lenyewe ndicho cha kufuatwa. Kipimo hicho kiandikwe katika daftari la gari pamoja na tarehe.

KUTAFUTA MAHALI ULEGEVU ULIPO

Kazi hii huhitaji watu wawili na robo saa tu. Magurudumu ya nyuma yawekewe vizuizi, breki ya mkono ivutwe, na matairi ya mbele yabaki yamekanyaga ardhi. Mtu mmoja aupeleke usukani kushoto na kulia kidogo kidogo bila kukoma. Wa pili atazame chini ya gari na kugusa kila kiungo kwa mkono, akianzia juu. Kanuni ni moja: mahali ambapo mwendo unaingia lakini hautoki, hapo ndipo penye ubovu.

Mhimili ukizunguka kabla boksi halijapokea mwendo, kiungo cha mhimili kimelika au bolti yake imelegea. Mhimili ukiingia ndani ya boksi ukizunguka, lakini mkono wa nje ukachelewa, ulegevu umo ndani ya boksi. Mkono ukienda na fimbo ikachelewa, mpira wa kiungo umelika. Boksi lenyewe likionekana kusogea juu ya chesisi, bolti zake zimelegea au chesisi imepasuka. Mara nyingi mstari wa kutu au rangi iliyobanduka huonyesha mahali hapo. Ufa wa chesisi karibu na boksi ni sababu tosha ya kulisimamisha gari siku hiyo hiyo.

Sehemu ya pili hufanywa gari likiwa limeinuliwa. Jeki peke yake haitoshi. Ekseli ikalishwe juu ya stendi au magogo imara kabla mtu hajaingiza mkono. Gurudumu lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, mwenzake akanyage breki, kisha litikiswe tena. Kucheza kukitoweka, beringi za gurudumu ndizo zilizolegea. Kukiendelea, ubovu uko kwenye kingipini au beringi zake. Halafu gurudumu lishikwe kushoto na kulia: likicheza upande huo tu, viungo vya tairodi vitazamwe kwanza.

Mwisho zikaguliwe springi. Bushi zilizokwisha, au yu-bolti zilizolegea, huiacha ekseli nzima isogee mbele na nyuma. Dereva huhisi usukani umelegea, kumbe usukani ni mzima.

KUTENGENEZA KWA UTARATIBU

Kiungo cha tairodi kilicholika hubadilishwa, hakitengenezwi. Kabla ya kukifungua, fundi ahesabu mizunguko ya uzi au atie alama, ili kipya kikae pale kilipokuwa cha zamani. Nati ikazwe kwa nguvu iliyotajwa katika kitabu. Tundu la spliti pini lisipolingana, nati isongezwe mbele kidogo, wala isirudishwe nyuma. Spliti pini iwe mpya. Msumari au waya uliokunjwa si badala yake.

Beringi za gurudumu husafishwa kwa mafuta ya taa, hukaushwa, hutazamwa kama zina madoa au mikwaruzo, kisha hupakwa grisi mpya. Nati yake hukazwa huku gurudumu likizungushwa, hulegezwa kidogo, kisha hukazwa tena kwa kipimo cha kitabu na kufungwa isirudi. Ikikazwa mno, beringi huungua barabarani.

Kingipini na beringi zake huhitaji fundi mwenye uzoefu, kwa kuwa hupangwa kwa vipande vyembamba vya chuma vinavyoongezwa au kupunguzwa mpaka ulegevu uishe na gurudumu liendelee kugeuka kwa wepesi.

Boksi la stelingi huachwa liwe la mwisho. Juu yake pana skrubu iliyofungwa kwa nati, na wengi hukimbilia kuikaza kwa sababu kazi hiyo ni ya dakika tano. Hili ndilo kosa linalogharimu vyama fedha nyingi. Ikiwa ulegevu uko kwenye tairodi, kukaza boksi hakuuondoi. Kunaharibu boksi lililokuwa zima. Skrubu hiyo hukazwa magurudumu yakiwa yamenyooka, kwa kuwa meno ya ndani yametengenezwa yabane zaidi hapo katikati. Nati hulegezwa, skrubu huzungushwa sehemu ndogo ya mzunguko, nati hufungwa, kisha usukani hujaribiwa kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Ukikwama popote, au ukikataa kujirudisha wenyewe baada ya kona, umekazwa kupita kiasi, na ni hatari kuliko ulivyokuwa ukilegea. Ikiwa boksi limekazwa ipasavyo na bado lina ulegevu mkubwa, limelika ndani na ni lazima lifunguliwe. Kiasi cha oili yake kiangaliwe wakati huo huo.

Kila tairodi inapoguswa, mwelekeo wa magurudumu ya mbele, yaani alaimenti, hupimwa upya. Mahali pasipo mashine, watu wawili hutia alama katikati ya kila tairi upande wa mbele, kwa kimo cha ekseli, hupima umbali kati ya alama, hulisukuma gari mpaka alama zifike upande wa nyuma kwa kimo kile kile, kisha hupima tena. Tofauti ya vipimo hivyo ilinganishwe na kitabu. Kipimo hiki hulifikisha gari salama kwenye mashine mjini. Hakichukui nafasi ya mashine.

MAMBO YASIYORUHUSIWA

Kiungo cha usukani hakichomelewi kwa gesi wala umeme. Kikombe kilicholika hakigongwi kwa nyundo ili kibane, wala hakitiwi kipande cha bati au mpira ndani. Matengenezo ya namna hii huficha ulegevu kwa siku chache. Kisha mpira huchomoka kwenye kikombe, na magurudumu hayamtii dereva tena. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haiandami gari bovu kwa bahati mbaya: mwenye gari na dereva wote wanawajibika kuhakikisha chombo kinafaa kabla hakijaingia barabarani. Mwenye gari hapa ni chama.

WAJIBU WA KATIBU NA BODI

Katibu hahitaji kuwa fundi ili alinde mali ya wanachama. Akiona ombi la kununua boksi zima la stelingi, aulize maswali matatu: kipimo cha ulegevu kilikuwa milimita ngapi; kiungo kipi kilionekana kuchelewa katika jaribio la watu wawili; na kipimo kitakuwa ngapi baada ya kazi. Fundi mwaminifu atayajibu bila shida, maana ni maswali anayojiuliza mwenyewe. Vipuri vya zamani virudishwe ofisini pamoja na risiti, vionekane na Kamati ya Usimamizi.

Inafaa pia Bodi iweke utaratibu wa kudumu. Nipeli za viungo zitiwe grisi mara kwa mara, na zaidi baada ya kupita kwenye maji au matope, mpaka grisi chafu itoke. Mipira ya viungo itazamwe kila wiki wakati wa msimu. Jaribio la watu wawili lifanywe kila mwezi, na matokeo yatiwe saini na dereva na katibu. Dereva apewe haki ya kukataa kuondoka na gari ambalo usukani wake umepita kipimo, hata kama magunia yamekwisha kupakiwa na mnunuzi anasubiri Singida. Dereva anayeogopa kufukuzwa kwa kusema kweli hatasema, na wanachama waliokaa juu ya magunia ndio watakaolipa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiungo kimoja cha tairodi kilichobadilishwa mapema, kabla ya mavuno, kina gharama ambayo chama kidogo kinaimudu. Kikiachwa, kitalika pamoja na matairi, kitalichosha boksi, na siku moja gari litakuwa Sekenke likiteremka na mzigo. Kazi ya robo saa kwa watu wawili, kipande cha chaki na rula inatosha kujua mapema gari liko katika hali gani.